Java bila kulipia: IDE ipi itaiweza kompyuta yako

Kabla ya kubishana IntelliJ au Eclipse, ambazo ni IDE, yaani programu za kuandikia na kuendeshea msimbo, jua kompyuta yako ina RAM kiasi gani. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, halafu Memory. Namba utakayoiona hapo itaamua mengi, maana IDE zote zinazofuata ni za bure na Java unayoandika ni ileile.

Anza na JDK, kifurushi cha zana za kutengenezea programu za Java. IDE ni karakana tu. Kompaila yenyewe, javac, inayogeuza msimbo wako kuwa klasi zinazoendeshwa, imo ndani ya JDK. Pakua Temurin 21, JDK ya bure, kutoka Adoptium. Unaposakinisha, washa kipengele cha Set JAVA_HOME variable, kinachoziambia programu nyingine JDK ilipo, kwa sababu huja kimezimwa. Kisha fungua dirisha jipya la Command Prompt, kwani lile lililokuwa wazi tangu awali halitaona mabadiliko. Andika java -version, halafu javac -version. Zote mbili zitoe 21. Ikiwa java inajibu 8 huku javac inajibu 21, kuna Java ya zamani iliyotangulia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu: iondoe. Ukiiacha utakutana na UnsupportedClassVersionError, yaani klasi zimetengenezwa na Java mpya lakini zinaendeshwa na ya zamani. Ujumbe huo hutaja namba kama 65.0. Toa 44, unabaki na 21, toleo lililohitajika.

Kwa RAM ya GB 4, mwanafunzi wa mwanzo aanze na BlueJ. Kila klasi huonekana kama kisanduku. Unabofya kulia, unaunda objekti na kuita methodi zake hata kabla ya kuandika main, methodi ambako programu huanzia. Kwa mradi mkubwa haifai, wala haikukusudiwa hivyo.

VS Code nayo hufunguka haraka, ila usidanganyike na wepesi huo: ukishaongeza Extension Pack for Java, kuna programu nyingine inayofanya kazi nyuma ya pazia na kula RAM. Wengi pia hufungua faili moja moja, kisha wanalalamika kwamba makosa hayaonyeshwi yote. Tumia Open Folder, ufungue folda nzima ya mradi.

Ukiwa na GB 8 au zaidi, chukua IntelliJ IDEA. Katika kukamilisha msimbo na kubadilisha majina ya vitu mradi mzima bila kuvunja kitu, ndiyo iliyo mbele. Tangu toleo la 2025.3 hakuna tena Community (ya bure) na Ultimate (ya kulipia) za kupakua tofauti: kifurushi ni kimoja, na sehemu za msingi hubaki bure hata majaribio ya Ultimate yakiisha. Mara ya kwanza itakuwa nzito. Tazama chini kulia, ukiona Indexing, yaani inasoma na kupanga faili za mradi, subiri imalize.

Eclipse ina tabia moja ya kuijua mapema. Inatumia kompaila yake yenyewe, hivyo inaweza kuendesha programu yenye kosa, kisha ikakwama katikati na kuandika Unresolved compilation problem. Hapo usihangaike na mstari uliokwama tu. Fungua kichupo cha Problems, ondoa alama zote nyekundu.

NetBeans ibaki kwa anayetengeneza madirisha ya Swing, maktaba ya Java ya madirisha na vitufe, mathalani mfumo wa duka kwa mradi wa chuo. Unaburuta vitufe na visanduku vya maandishi, yenyewe inaandika initComponents, methodi inayojenga dirisha hilo. Sehemu hiyo hufungwa kwa rangi ya kijivu. Usiihariri kwa programu nyingine, maana NetBeans itaiandika upya kutoka kwenye faili la .form na kazi yako itapotea. Na usifute hilo .form!

Vyovyote utakavyochagua, unapoanzisha mradi mpya chagua Maven, zana ya kujenga mradi na kuleta maktaba zake. Mradi wa NetBeans unaotumia Ant, zana nyingine ya kujenga miradi, hutegemea folda ya nbproject, lakini pom.xml, faili la mipangilio la Maven, hufunguka kwenye IntelliJ, Eclipse, NetBeans na VS Code bila kubadilishwa. Ndani ya sehemu ya properties ya pom.xml weka:

<maven.compiler.release>21</maven.compiler.release>

Bila mstari huo, plagini ya zamani ya kompaila ya Maven inaweza kudhani unaandika Java 5, na utasomewa Source option 5 is no longer supported.