Somo: Modeli ya utando wa chembe nyekundu ya damu kwenye kompyuta

Wakuu, wengi wanaanza kwa kuchora ile sahani yenye kibonde juu na chini, mi nasema umbo usilichore kabisa, iwekee kompyuta masharti sahihi na umbo litakuja lenyewe, hapo ndo utajua modeli yako ina fizikia ndani.

Hatua ya 1. Tengeneza tufe ambalo uso wake ni pembetatu ndogondogo zilizounganishwa, nodi (kona za pembetatu) 642 zinatosha, Python na NumPy (maktaba yake ya hesabu) zinabeba hata kwenye laptop ya kawaida. Alafu libonyeze kidogo liwe bapa.

Hatua ya 2. Kila ukingo ni springi, hizo ndo spektrini, nyavu ya protini iliyo chini ya utando.

Hatua ya 3. Kukunjika. Hesabu ya mwanafizikia Helfrich ya mwaka 1973 inasema utando ukizidi kupinda nishati inapanda, kwahiyo kwa kila pembetatu mbili zinazopakana weka nishati ya kb(1 − cos θ), kb ni ugumu wa kukunjika, θ ni pembe kati ya normali zao (mishale inayosimama wima juu ya kila pembetatu). Anza na kb ya kama 58 kT, kT ni kipimo cha nishati ya joto.

Hatua ya 4. Hapa tulieni. Utando una unene wa kama nanomita 5, unakunjika kirahisi ila kuvutwa hautaki, eneo likiongezeka asilimia 3 au 4 tu unachanika. Kwahiyo shikilia eneo kwenye mikromita mraba 135 kisha shusha ujazo taratibu mpaka mikromita za ujazo 94. Tufe la eneo hilohilo lingebeba kama 147, yani chembe haijajaa, na huko kutojaa ndo kunaiwezesha kujikunja ipite kwenye kapilari nyembamba kuliko yenyewe, napenda sana hii!

Hatua ya 5. Monte Carlo, yani kujaribu kwa bahati nasibu: sogeza nodi moja, nishati ikishuka kubali, ikipanda kubali kwa uwezekano wa e^(−ΔE/kT), ΔE ni kiasi nishati ilivyopanda, rudia.

MASWALI

– Mkuu yangu imekuwa ndefu kama kidole, shida nini?
Hukuibonyeza mwanzoni dada. Njiani, ujazo ukiwa bado mkubwa, umbo refu ndo lenye nishati ndogo, likishaingia huko kutoka ni kazi.

– Yangu imekuwa kikombe.
Ujazo umeshusha mno, rudi 94.

– Naweza kupima kasi yake kwenye mshipa?
Kwa Monte Carlo hii hapana, hatua zake sio sekunde. Kwa mwendo unahitaji nguvu kwa kila nodi pamoja na msuguano wa plazma (majimaji ya damu).

– Na malaria je?
Kaza springi. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, inafanya chembe iwe ngumu, linganisha nguvu ya kuivuta kabla na baada.