Somo: Kumhudumia mgonjwa wa shambulio la pumu katika Nyanda za Juu Kusini, hatua kwa hatua

Somo hili linawahusu wanafunzi wa udaktari na wa utabibu wanaoanza mafunzo ya wodini Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani. Nimechagua shambulio la pumu kwa mtu mzima, kwa sababu katika ugonjwa huu kila dawa ina wakati wake, na wakati huo unaamuliwa na fiziolojia. Anayekariri dozi bila kuelewa jambo hilo hukwama mara mgonjwa anaposhindwa kuitikia dawa ya kwanza.

Hatua ya kwanza: Fahamu hewa ya mahali ulipo

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambapo kanieneo ya hewa ni kama milimita 620 za zebaki badala ya 760 za pwani. Hewa inapofika kwenye koromeo hulowana, na mvuke wa maji huchukua milimita 47. Zinazobaki ni 573, na asilimia 21 yake, yaani kama 120, ndiyo kanieneo ya oksijeni inayoelekea mapafuni. Ukiondoa 50, ambayo ni kanieneo ya kawaida ya kabonidayoksaidi ya 40 iliyogawanywa kwa 0.8 (uwiano wa kabonidayoksaidi inayotolewa na mwili kwa oksijeni inayotumika), unabaki na takribani 70 ndani ya vifuko vya hewa. Hesabu hiyo hiyo ikifanywa Dar es Salaam inatoa 100.

Kwa hiyo mtu mwenye afya njema hapa Mbeya anaweza kusoma asilimia 94 au 95 kwenye kipima oksijeni cha kidoleni bila kuwa na ugonjwa wowote. Hata hivyo, wanafunzi wengi hutoa hitimisho lisilo sahihi kutokana na hilo, wakidhani kwamba huku milimani asilimia 89 inavumilika. Mchoro wa hemoglobini na oksijeni huanza kuporomoka kwa kasi kanieneo ya oksijeni inaposhuka chini ya milimita 60, ambapo hemoglobini imejaa kwa takribani asilimia 90. Mgonjwa wa pwani huanza akiwa mbali na ukingo huo, ilhali wa kwetu huanza akiwa karibu nao, hivyo ugonjwa ule ule humporomosha mapema zaidi.

Hatua ya pili: Tazama upumuaji kabla ya kusoma namba

Msikilize anavyozungumza. Anayetoa sentensi nzima bado ana akiba, lakini anayetoa neno moja moja, anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, mapigo ya moyo yamezidi 120 na misuli ya shingo inavutika, huyo ana shambulio kali. Katika mtiririko laini wa hewa, njia ikipungua nusu ya kipenyo chake, upinzani huongezeka mara 16. Kutoa hewa ndiko kunakoathirika zaidi, kwa hiyo hewa hunasa kifuani, mapafu hujaa kupita kiasi, na kiwambo, msuli mkuu wa kupumua ulio chini ya mapafu, hubanwa kikawa bapa na kupoteza nguvu zake.

Kifua kilicho kimya katika hali hii ni dalili mbaya kuliko kifua chenye mluzi, kwa kuwa mluzi unahitaji hewa inayopita. Ukimya, usingizi au kuchanganyikiwa ni sababu ya kumwita mkuu wako papo hapo na kuandaa chumba cha uangalizi maalumu.

Hatua ya tatu: Anza salbutamoli na oksijeni kwa pamoja

Mpe oksijeni kwa kulenga asilimia 93 hadi 95. Salbutamoli hushika vipokezi vya beta-2 kwenye misuli laini ya njia za hewa, huongeza AMP ya mzunguko, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya seli, na misuli hulegea katika dakika chache. Kwa inhela yenye spesa (chombo kinachopokea dawa kabla mgonjwa hajaivuta), toa mipulizo 4 hadi 10 ya mikrogramu 100 kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa), toa miligramu 5 kwa kila dozi, ukiendesha mashine kwa oksijeni ikiwa ipo. Katika shambulio kali, ongeza ipratropiamu miligramu 0.5, ambayo huzuia vipokezi vya muskarini, vinavyoamuru njia za hewa kubana.

Umeme ukikatika au kituo kikiwa hakina nebulaiza, usione kwamba matibabu yamekwama. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kwenye kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, hufanya kazi ya spesa, na utafiti uliofanywa kwa watoto Afrika Kusini ulithibitisha ufanisi wake.

Hatua ya nne: Steroidi ndani ya saa ya kwanza

Steroidi, dawa zinazotuliza uvimbe wa njia za hewa, huingia ndani ya seli na kubadilisha usomaji wa jeni, kazi inayochukua saa kadhaa. Kwa sababu inachelewa kufanya kazi, inapaswa kutangulia kutolewa. Prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, inatosha kwa njia ya mdomo. Haidrokotisoni ya mshipani ni ya anayetapika au asiyeweza kumeza.

Hatua ya tano: Pima tena baada ya saa moja

Asiyepata nafuu apewe magnesiamu salfeti gramu 2 kwa dripu ya dakika 20, huku ukifuatilia shinikizo la damu. Hapo pia rudi kwenye utambuzi wako: katika mikoa yetu, yenye maambukizi mengi ya VVU, kifua kinachobana kinaweza kuwa nimonia ya Pneumocystis (kuvu linaloshambulia mapafu kinga ikiwa dhaifu) au kifua kikuu.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani asipewe salbutamoli peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi matibabu hayo kwa watu wazima. Inhela yenye steroidi ni lazima.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Shikamoo Daktari. Mgonjwa alikuwa na asilimia 93, baada ya nebulaiza akashuka hadi 90 ingawa alisema anajisikia vizuri. Je, dawa ilimdhuru?

Jibu: Marahaba. Salbutamoli hutanua pia mishipa ya damu ya mapafu, ikiwemo ile iliyokuwa imejibana kwenye sehemu zisizopata hewa, kwa hiyo damu hupita huko bila kuchukua oksijeni. Mwongezee oksijeni na uendelee. Lakini akishuka huku upumuaji ukizidi kuwa mgumu, huo ni ugonjwa unaopanda.

Swali: Kwa nini kabonidayoksaidi ya 40 iogopwe wakati ndiyo ya kawaida?

Jibu: Anayepumua mara 30 kwa dakika anatakiwa kuwa ameshaipunguza. Akiwa na 40, maana yake misuli imeanza kuchoka. Hapa kwetu inatisha zaidi, kwa kuwa kiwango cha kawaida cha wakazi wa milimani huwa chini kidogo ya 40.

Swali: Mgonjwa wangu anatumia dawa za VVU za mstari wa pili, yaani zinazotolewa za kwanza zikishindwa. Nimwandikie inhela gani?

Jibu: Angalia kama kuna ritonaviri. Dawa hiyo huzuia ini kuvunja flutikasoni na budesonidi, steroidi za inhela, ambazo hujilimbikiza mwilini hadi uso ukavimba na tezi za juu ya figo zikalala. Bekilometasoni ni salama zaidi kwake.

Swali: Aminofilini bado ina nafasi?

Jibu: Ndogo sana. Pengo kati ya dozi inayosaidia na inayodhuru ni jembamba, na madhara yake ni kutapika, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na degedege. Usiitumie mahali ambapo salbutamoli, ipratropiamu na magnesiamu zinapatikana, na usimsukumie kwa haraka mshipani mgonjwa ambaye tayari anameza teofilini, dawa ya jamii hiyo hiyo.