Kutafuta spea za saspensheni ya mbele ya pikapu ya zamani Nairobi: somo na maswali

Wadau, habari zenu. Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu: boljointi za pikapu yangu nitazipata wapi? (Boljointi ni kile kiungo cha duara kinachounganisha mkono wa saspensheni na gurudumu.) "Wapi" ndilo jambo jepesi kuliko yote. Shuka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, utazikuta zimepangwa hadi kwenye dari. Kazi ni kurudi nyumbani na zile zinazoingia kwenye gari lako. Ukimwambia muuzaji "boljointi ya Hilux" atakupa ya Hilux kweli, lakini huenda ni ya Hilux nyingine.

Mfano wangu ni Toyota Hilux LN85, dizeli yenye injini iitwayo 2L, isiyovuta kwa magurudumu ya mbele. Imebeba kabeji kutoka Kinangop hadi Marikiti kwa miaka mingi na naipenda. Mwenye Isuzu TFR au Nissan D21 atafuata njia hiyo hiyo, kwa sababu nazo zina mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu kila upande, wa juu na wa chini, na tosheni baa, kile chuma kirefu kinachojipinda mahali pa springi.

Hatua ya 1: Jua kilichokufa

Usinunue kwa sababu gari linagonga. Kugonga kuna sababu nyingi.

Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Angalia tosheni baa imeshikana na mkono upi. Ikiwa ni wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na gurudumu iwezekanavyo, halafu inua. Ukiinua kwa chesisi, ile nguvu ya tosheni baa inaendelea kuibana boljointi, na boljointi iliyokufa itaonekana nzima. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Sasa shika tairi juu kabisa na chini kabisa, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukiisha, tatizo ni bearingi ya gurudumu, na huenda ikahitaji kukazwa tu. Ukibaki, chungulia boljointi ya juu na ya chini uone ipi inasogea. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi, inua polepole, na mwenzako atazame boljointi ya chini. Mwisho shika tairi kushoto na kulia: hapo unapima tairodi endi (ncha za fimbo za usukani) na aidola (mkono msaidizi wa usukani).

Bushi, zile pete za mpira kwenye maungio ya mikono, hupimwa kwa macho na mtaimbo. Mpira uliopasuka, au mkono uliosogea pembeni ya tundu lake, hauna mjadala. Shoku inayovuja mafuta nayo imekwisha.

Andika kwenye karatasi: kipi, upande gani, juu au chini.

Hatua ya 2: Kitambulisho cha gari

Fungua boneti, tafuta kibao cha chuma, soma mstari wa modeli na nambari ya chesisi, upige picha. Logibuku inaweza kusema Hilux tu, na Hilux peke yake haitoshi. LN106 ni pikapu ya enzi hiyo hiyo na kwa mbali sura ni ileile, lakini mbele ina ekseli nzima na springi za majani. Spea za mbele za LN85 hazina kazi kwake. Kwa Isuzu, TFR haivuti mbele na TFS inavuta, kwa hiyo herufi moja tu inaweza kukurudisha mjini mara ya pili.

Hatua ya 3: Toa ya zamani, ipime, nenda nayo

Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mwaka fulani nilinunua boljointi za chini bila kubeba ile ya zamani. Duka lilikuwa na watu wengi, muuzaji alikuwa na uhakika, boksi limeandikwa Hilux. Matundu ya bolti yalikaa sawa kabisa. Fundi alikaza nati hadi nyuzi zikaisha, na bado shina lilikuwa linatikisika ndani ya tundu lake. Shina la boljointi huwa limechongwa kama koni, nene chini, jembamba juu, na koni hiyo lazima ikae kwenye tundu kama kizibo kwenye chupa. Hiyo ilikuwa nyembamba kidogo tu. Fundi alitaka kuweka washa mbili chini ya nati tuendelee. Nilikataa, na namshukuru Mungu nilikataa. Niliwahi kuona pikapu imelala Jogoo Road, gurudumu limekunjika chini ya fenda, kabeji zimetapakaa barabarani na matatu zinazikwepa. Boljointi ikichomoka, usukani hauna la kufanya tena.

Kwa hiyo pima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili: unene wa shina chini na juu, ukubwa wa nyuzi, umbali kati ya matundu ya bolti, na urefu wote. Kisha ifunge kwenye gazeti na uende nayo. Kama gari haliwezi kusimama siku nzima bila spea, nenda na vipimo na picha, na uelewane kuhusu kurudisha.

Hatua ya 4: Sokoni

Nenda asubuhi, siku ya kazi, maduka yakiwa bado yametulia. Kwenye lami za Kirinyaga Road na upande wa Ngara utakutana na mabroka. Wengine ni watu wema wanaojua kila rafu, lakini ujira wao umo ndani ya bei utakayotajiwa. Ingia dukani mwenyewe, weka spea ya zamani juu ya kaunta, na onyesha picha ya kibao kabla ya kutaja jina la gari. Ulizia maduka matatu. Maduka makubwa ya Industrial Area ni ghali zaidi, ila huko wanaweza kutafuta kwa nambari ya chesisi.

Kwa Toyota, nambari ya spea ina tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza hutaja aina ya spea. Kwa kawaida 43330 ni boljointi ya chini, 43350 ya juu, 45046 tairodi endi, 48511 shoku ya mbele. Tano za mwisho ndizo zinazotenganisha gari na gari, kwa hiyo usikubali "hii ni karibu sawa". Boksi za chapa ya 555 ya Japani zina mtindo wao: SB ni boljointi, SE ni tairodi endi.

Itoe kwenye boksi. Chezesha shina kwa mkono: liwe gumu na lisogee kwa ulaini mmoja pande zote. Likianguka lenyewe, rudisha. Mpira wa kufunika grisi usiwe na ufa. Linganisha mpya na ya zamani pale pale, bega kwa bega.

Risiti iandikwe modeli ya gari na kwamba ikikataa kuingia inarudishwa.

Hatua ya 5: Kufunga

Kazi ya kufunga mwachie fundi, lakini simama naye. Kabla ya kulegeza tosheni baa, atie alama ya rangi kwenye meno yake na apime bolti ya kurekebisha imetokeza kiasi gani. Ya kushoto na ya kulia zisibadilishane. Koni ya boljointi na tundu lake vipanguswe vikauke, visipakwe grisi. Nati yenye meno ikipita tundu la pini, ikazwe mbele hadi tundu linalofuata, isirudishwe nyuma.

Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa mikono ikiwa inaning'inia, mpira hujipinda gari likishushwa na bushi mpya hupasuka upesi. Kisha alainimenti, yaani kunyoosha magurudumu, siku hiyo hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kayole: Mzee, nimeonyeshwa boljointi za mtumba wa Japani, bado zina rangi yake. Bei ni nusu ya mpya. Nichukue?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kilichochakaa kiko ndani usipopaona. Mtumba chukua vyuma vitupu: mkono wenyewe au tosheni baa isiyo na kutu wala mkwaruzo mkubwa. Boljointi, tairodi endi na bushi nunua mpya.

Mwanachama, Kikuyu: Nina TFR54, mbele imeshuka upande wa dereva. Fundi anasema akaze tu bolti ya tosheni baa. Inatosha?

Jibu: Pima kwanza kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pande zote mbili, tairi zikiwa na upepo sawa. Kama bushi zimekufa, kukaza kutainua gari na ugonjwa utabaki. Kama bushi ni nzima, akaze kidogo kidogo, gari lisogezwe mbele na nyuma lijikalie, mpime tena. Asipitishe kimo cha upande wa pili, na alainimenti ifuate.

Mwanachama, Mlolongo: Habari. Pikapu ni ya marehemu baba, naitumia kuuza maji. Nimeambiwa bushi za nailoni za kuchonga zinadumu kuliko za mpira. Ni kweli?

Jibu: Pole kwa baba, mama. Nailoni haipasuki kama mpira, lakini haijipindi pia. Mtikisiko wote unahamia kwenye chesisi na kwenye mikono yako, na ikikauka inalia. Gari la kubeba maji kila siku lifungie mpira. Ya kuchonga ni ya dharura, mpira unapokosekana kabisa.

Mwanachama, Githurai: Mwalimu, mimi nina Peugeot 504 pikapu. Hatua hizi zinanifaa?

Jibu: Ya 2 hadi ya 4 zinakufaa. Lakini 504 mbele haina tosheni baa wala mkono wa juu. Shoku na springi ya duara ziko kwenye nguzo moja, kwa hiyo pima pia mpira wa juu unaoishika nguzo hiyo kwenye bodi. Springi hiyo isifunguliwe bila kibanio chake maalum, sio kwa waya wala kamba, ikiruka inaua. Tafuta fundi mzee wa Peugeot.

Mwanachama, Kayole tena: Nimebadilisha zote, alainimenti tayari, bado linavuta kushoto.

Jibu: Badilisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Likianza kuvuta kulia, ni tairi. Lisipobadilika, endesha kidogo, kisha uguse rimu zote mbili kwa tahadhari. Ile yenye joto zaidi, breki yake imeshika.