Kabla ya kuhamia Windows 11, soma kwanza namba ya prosesa

Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yako inaendelea kuwaka kama zamani. Ilichokosa ni viraka vya usalama vya kila mwezi. Kwa hiyo usikae nayo miaka, ila pia huna sababu ya kuhama leo usiku bila kukagua.

Anza na prosesa, maana kwenye laptopu nyingi haibadilishiki. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa Processor. Kwa Intel, zinazokubalika ni za kizazi cha 8 kwenda mbele, na chache mno za cha 7. Hivyo i5-8250U inaingia, i5-7200U inabaki nje. Stika ya “Core i5” peke yake haikuambii lolote, na kwenye laptopu za mtumba ndiyo inayong'aa kuliko vyote. Kwa AMD usikisie: programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, itakupa jibu.

Kisha, kwa njia ileile, andika tpm.msc kukagua TPM, kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 inakidai. Ikidai TPM haipo, usikimbilie dukani. Mara nyingi imezimwa tu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), ikiitwa PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Inatakiwa toleo la 2.0.

Ila kabla hujagusa BIOS, hakikisha una ufunguo wa BitLocker (mfumo wa Windows wa kufunga data za diski), ule wa tarakimu 48. Mashine nyingi zimefungwa nao bila mwenyewe kujua, na badiliko dogo la TPM au Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka) linatosha kukuletea skrini inayoudai. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: na uunakili kwenye karatasi. Kuuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo ni kufungia ufunguo kabatini.

Rudi msinfo32, tazama BIOS Mode. Windows 11 inataka UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta. Ikiwa Legacy, yaani njia ya zamani, diski huwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na ukihamia UEFI hivyohivyo Windows haitawaka. Igeuze kwanza kuwa GPT, mtindo mpya, kwenye Command Prompt ileile ya msimamizi: mbr2gpt /validate /allowFullOS hupima, na ukiweka /convert badala ya /validate hugeuza bila kufuta mafaili. Bekapu kwenye diski ya nje iwe imeshafanyika kabla ya hapo.

RAM ya GB 4 ndiyo kima cha chini rasmi. Kwa matumizi ya kweli tafuta GB 8 na SSD. Mashine yenye diski ya kuzunguka, hata ikifaulu vipimo vyote, itakuchosha.

Windows 11 haina toleo la biti 32. Kama yako ni ya biti 32, utasakinisha upya na kupoteza programu zote. Printa na skana za zamani nazo zitafutie draiva za biti 64 mapema.

Faili la ISO, lenye Windows 11 nzima ya kusakinisha, linazidi GB 5: pakua mara moja, weka kwenye fleshi ya GB 8, utumie kwa mashine zote. Laptopu iwe kwenye chaji, kompyuta ya mezani iwe na UPS; umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, unaweza kubaki na mashine isiyowaka.

Ukishahama, una siku 10 za kurudi Windows 10. Katika siku hizo usifute folda ya Windows.old, hata diski ikilalamika kujaa.