SOMO: Umejenga nyumba ya mapumziko kijijini Dodoma? Anza na majirani, ukuta utafuata

Wadau habari za leo. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 naona watu wengi wa Dar wananunua vieka huku, wengine Chamwino, wengine Hombolo karibu na bwawa na mashamba ya zabibu, wengine wanapenda Mpwapwa kwasababu ya milima na baridi yake. Mtu anapanda treni Ijumaa jioni, Jumapili amerudi zake. Jambo zuri sana. Ila maswali ninayoulizwa yote ni ya kamera, geti na mbwa, hakuna anayeniuliza kuhusu watu aliowakuta pale, ndo maana nimeamua kuandika hili somo.

Mi nina nyumba ya vyumba viwili kwenye eka mbili, upande wa Chamwino, mwaka wa sita sasa, na mwenyewe naishi Dar. Maana yake siku nyingi za mwaka ile nyumba iko peke yake na wanaoiona kila asubuhi ni majirani, sio mimi.

Niwaambie kilichonikuta kwanza. Nilipomaliza kujenga nikazungushia senyenge eneo lote, kona kwa kona kama karatasi inavyosema. Kumbe kona ya mashariki kulikuwa na kinjia cha akina mama kwenda korongoni, kiangazi wanachimba visima kwenye mchanga wanachota maji. Nilipofunga wakawa wanazunguka karibu nusu saa zaidi na ndoo kichwani. Hakuna aliyekuja kunigombeza, salamu tu zikawa fupi. Mwezi wa tisa moto ukatoka mashambani na upepo wa huku mnaujua, ukala banda langu la kuni, simtanki likayeyuka, watu wakazima upande wao na mimi nikapata taarifa siku ya nne. Nilikuja nimekasirika, nikaenda kwa mzee jirani kumuuliza kwanini hata simu hawakunipigia. Akanikaribisha kigoda, akasema, "Mwanangu, ulitufungia njia, tukajua hutaki watu kwako." Sikuwa na jibu. Wiki ile ile nikasogeza senyenge ndani na njia ikarudi.

Sasa twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Kabla hujatoa hela

Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Usikubali mambo ya kumalizana na mtu mmoja chini ya mti halafu muhuri utafutwe baadae. Omba jambo lako lisomwe mkutanoni na we mwenyewe uwepo, watu wakuone sura, wakuulize maswali. Hiyo siku moja inakupunguzia ugomvi wa miaka.

Mipaka tembeeni wote, wewe, muuzaji, majirani wa pande zote nne, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji. Hapo hapo uliza, "Nani anapita hapa? Ng'ombe wanapita wapi wakienda kunywa maji?" Hilo ndo swali ambalo mimi sikuuliza.

Halafu nenda mara mbili, kiangazi na masika. Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Desemba inaisha Aprili, kiangazi korongo linaonekana ni barabara nzuri ya mchanga unaweza hata kuegesha gari, ikinyesha juu huko milimani maji yanakuja ghafla hata kama kwako jua linawaka. Reli ya kati pale Gulwe, Godegode mpaka Kidete imeshasombwa na mafuriko mara nyingi tu, na ile ni reli, sembuse kijumba chako. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, wao wanaujua mti mpaka alama.

HATUA YA 2: Jitambulishe kila unapokuja, sio mara moja

Ukifika, kabla hujashusha mizigo yote, pita kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji, sema niko hapa mpaka Jumapili, nimekuja na wageni wanne. Ukiondoka aga. Hapo jirani akiona taa inawaka Jumatano atajua kuna jambo maana alijua umeondoka. Jifunze salamu ya Kigogo, "mbukwa" kwa mtu mmoja, "mbukwenyi" wakiwa wengi, na wazee wape shikamoo yao hata kama umeshuka kwenye gari kubwa. Namba zako za simu wape watu watatu, mmoja awe mwanamke, kwasababu akina mama ndo wako nyumbani na njiani muda wote.

HATUA YA 3: Moto

Hapa naomba msome taratibu. Majani yanaanza kukauka mwezi wa sita, ikifika wa nane mpaka wa kumi ni kama petroli. Mimi kila mwezi wa sita nalima mkingamoto kuzunguka eneo, upana mita nne au tano, udongo mtupu, hakuna jani. Nawalipa vijana wa pale pale na nawaomba waendelee upande wa jirani gharama zangu, maana moto ukizuiliwa kwake umezuiliwa na kwangu. Karibu na nyumba usiweke kuni, mabua wala rundo la majani. Weka madumu ya maji na ndoo za mchanga nje, mahali ambapo mtu anaweza kuchukua bila funguo zako. Simtanki lenye bomba ndani ya geti lililofungwa halimsaidii mtu anayetaka kukuzimia nyumba.

Usichome takataka mchana wenye upepo. Na usichome shamba bila kuwaambia majirani na mtendaji. Namba ya zimamoto ni 114, ya polisi 112, ila kwa umbali wa vijijini watakaofika kwanza ni wale uliowasalimia asubuhi. Mwaka uliofuata baada ya mimi kufungua njia moto ulikuja tena, wakaukata kwa matawi mabichi kabla haujafika mkingamoto, nikapigiwa simu unawaka bado.

HATUA YA 4: Usimuache mtoto wa mtu kwenye hatari yako

Nyumba isiyokaliwa watoto wanaipenda kucheza. Shimo la choo ambalo halijamaliziwa, kisima bila mfuniko, tangi la ardhini, funika kwa zege au mbao nzito na kufuli, usiweke bati tu. Na wewe mwenyewe, mwezi wa sita na wa saba usiku Dodoma ni baridi, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha, ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Jenereta pia, nje kabisa, mbali na dirisha.

HATUA YA 5: Nyoka na nge

Nyumba ikikaa imefungwa wanaingia. Ukifika fungua milango, piga piga magodoro, kung'uta viatu, usiku tembea na tochi. Kifutu analala kwenye majani makavu na hakimbii ukimkaribia, unamkanyaga. Mtu akiumwa msimchane, msimnyonye, msimfunge kamba ya kubana, mvueni pete na bangili, atulie, asitembezwe, apelekwe hospitali haraka. Swila akitema machoni osha kwa maji safi mengi hapo hapo, halafu hospitali. Jua mapema nani kijijini ana gari au bodaboda ya usiku.

HATUA YA 6: Mtunza nyumba

Mchukue kijana au mama wa pale pale, usimlete mtu kutoka mbali ambaye kijiji hakimjui. Muandikishiane kazi zake mbele ya balozi. Mlipe tarehe ile ile kila mwezi, hata kama hujaenda miezi mitatu. Unamkabidhi mtu funguo za nyumba halafu unamkalisha na njaa, hiyo sio haki na wala sio usalama.

HATUA YA 7: Misiba

Hii ningeweza kuiweka ya kwanza. Ukipata taarifa ya msiba na uko pale, nenda, kaa na wanaume wenzako chini ya mti, akina mama waende jikoni, chimba kaburi kama mnachimba. Ukiwa Dar tuma mchango wako kupitia kwa mtunza nyumba uandikwe kwenye daftari kama wengine. Usitume hela nyingi ya kujionyesha, toa kile wanachotoa wenzako, ukitaka ongeza gunia la mahindi au beba maji kwa gari lako, maana msiba wa kiangazi shida kubwa huwa ni maji. Mimi nilipofiwa na mama nilishangaa kuona watu saba wa kijijini wameshuka na treni kuja Dar. Sijawahi kusahau.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Kaka ahsante kwa somo. Mimi nataka kujenga ukuta mrefu wa tofali, unashaurije?

Jibu: Ukuta mrefu unamficha na mwizi, akishaingia hakuna anayemuona. Mi napendelea fensi ya minyaa kama wenyeji, inaota bila maji mengi na jirani anaona mpaka mlangoni kwako. Ila ukiikata angalia utomvu wake usiingie machoni, unaumiza vibaya, na waambie watoto.

Mdau wa Morogoro: Mbuzi wa jirani wamemaliza miche yangu ya miembe yote, nimeshamwambia mara mbili. Niende polisi?

Jibu: Pole sana ndugu. Kwanza nenda kwake na mtu mzima mnayeheshimiana naye, sio kwa simu. Ikishindikana nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ugomvi ukiwa ni wa mpaka au njia kuna baraza la ardhi la kijiji, lina wajumbe saba, watatu wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Na miche izungushie miiba, kila mtu wa huku anafanya hivyo, baada ya mavuno mifugo inaachiwa kula mabua mashambani na we eneo lako kwa macho ya mbuzi ni shamba tu.

Dada wa Mbagala: Naenda na wanangu wawili bila mwanaume, niogope?

Jibu: Dada usiogope ila jipange. Ingia mchana, sio usiku. Mtafute mama jirani mmoja awe kama dada yako, wanao wacheze na wanae, kuleni mlenda pamoja. Mkubaliane ishara, mfano taa ya nje ikizimwa ghafla usiku atume kijana kuangalia. Bibi mmoja jirani yangu ndo mlinzi kuliko mbwa wowote niliowahi kufuga.

Mdau wa Iringa: Kila nikifika naombwa hela, nimechoka.

Jibu: Naelewa. Mi nilienda mkutano wa kijiji, nikauliza mnajenga nini mwaka huu, wakasema choo cha shule, nikatoa mifuko ya simenti pale mbele ya watu. Toka hapo mtu akiniomba namwambia nilishatoa kwenye choo, ananielewa. Ila mgonjwa usimnyime gari.

Mdau wa Singida: Mkuu ile njia, ulisogeza senyenge kiasi gani?

Jibu: Mita mbili na nusu. Mzee alikuja na punda wake mwenye madumu manne, tukapima kwa kumpitisha.