Kuifanya SAM ya mwaka 1982 itaje saa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua

SAM, kwa kirefu Software Automatic Mouth, ni programu ya kuifanya kompyuta iongee, iliyotolewa mwaka 1982 na kampuni ya Marekani iitwayo Don't Ask Software. Aliyeiandika ni Mark Barton, na ilikuwepo kwa Atari za biti 8, Apple II na Commodore 64. Wakati huo aliyetaka kompyuta ya nyumbani iongee kwa kawaida alinunua kifaa cha pembeni chenye chipu ya sauti. SAM ilifanya kazi hiyo kwa programu tupu, isipokuwa kwenye Apple II, ambako iliuzwa pamoja na kadi ndogo ya kutolea sauti. Barton huyohuyo baadaye alihusika na MacInTalk, ile iliyoipa Macintosh sauti mwaka 1984.

Nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana anayemtengenezea bibi yake saa ya mezani inayotaja wakati, kwa kuwa macho ya bibi yamechoka. Kwenye kompyuta ya kawaida ningemwelekeza eSpeak NG, programu ya kusoma maandishi kwa sauti ambayo ina Kiswahili tayari. Lakini yeye alikuwa na ESP8266, chipu ndogo ya kuendeshea vifaa, bila intaneti, na alitaka sauti izaliwe ndani ya chipu yenyewe. Kwa kazi ya namna hiyo, programu iliyoandikwa kwa ajili ya prosesa ya takriban megahezi 1 bado inafaa sana. Tena Kiswahili kinaikaa vizuri kuliko hata Kiingereza, ukijua mahali pa kuishika.

Hatua ya 1: Pata SAM

Sebastian Macke aliifumua SAM ya Commodore 64 na kuigeuza kuwa lugha ya C. Ichukue GitHub, ingia kwenye folda yake, andika make. Ikilalamika kuhusu SDL (maktaba ya kupigia sauti), fungua faili la Makefile, ondoa maneno ya SDL kwenye mistari ya CFLAGS na LFLAGS, kisha rudia. Bila SDL haitapiga sauti moja kwa moja ila itaandika faili la WAV, na hilo linatosha.

Yapo matoleo ya kwenye kivinjari, na ni mazuri kwa kumwonyesha mtu. Kwa kazi hii mimi nasisitiza terminali (dirisha la kuandikia amri), kwa sababu ya chaguo moja tu: -debug. Utaona faida yake kwenye hatua ya 4.

Jambo la haki: programu hii ni ya mwenyewe, haina leseni huria. Saa ya bibi ni sawa. Kuuza madukani ni jambo jingine.

Hatua ya 2: Achana na Reciter

SAM ni programu mbili. Reciter hupokea maandishi ya Kiingereza na kuyageuza kuwa alama za sauti. SAM yenyewe huzisoma alama hizo na kutoa sauti. Kanuni za Reciter ni za Kiingereza tupu. Ukiipa neno kama "wote", itaimeza e ya mwisho. Usipoteze muda kuichezea tahajia ili ikuelewe. Tumia -phonetic, uandike alama mwenyewe:

./sam -phonetic -wav karibu.wav "KAADXIY4BUX"

Hatua ya 3: Herufi zetu kwa alama za SAM

Irabu tano: a ni AA, e ni EH, i ni IY, o ni OH, u ni UX.

Usishawishike na EY, OW na UW hata kama zinaonekana kufaa. Hizo SAM huzihesabu kuwa irabu mbili zilizoungana, na huziongezea mkia wa y au w mwishoni. Kila neno litasikika kama la mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hii.

Konsonanti nyingi hazibadiliki: B, D, F, G, J, K, L, M, N, P, S, T, V, W, Y, Z. Sh, ch, th na dh ni SH, CH, TH na DH. Herufi h huandikwa /H, pamoja na mkwaju wake. Ukiusahau mkwaju, SAM haitaelewa na itakurudishia maelekezo ya matumizi badala ya sauti. Ng' ya ng'ombe ni NX, ng ya ngoma ni NXG, ny ni NY. Kwa gh natumia G, na kh naandika /H.

M inayosimama peke yake kama silabi, kama ile ya mtu au mchana, iandike mara mbili: MMTUX, MMCHAA4NAA. Ipo alama ya UM, lakini hiyo hutanguliza kijirabu mbele ya m, nawe utasikia kitu kama "amtu". Nne vilevile ni NNEH4.

Mkazo ni tarakimu 1 hadi 8 baada ya irabu. Kwetu ni rahisi kuliko kwa Waingereza: silabi ya pili kutoka mwisho, tarakimu 4, basi. KUX4MIY, DAAKIY4KAA, AASUXBUX4/HIY.

Hatua ya 4: T, d na r

Hapa ndipo kijana alipokwama. Kila alama ilikuwa sahihi, alizikagua moja moja, na bado saa yake ilisema "saa taru". Watoto waligeuka "watoro". Alishuku spika, akabadilisha spika. Akashuku ubora wa WAV. Tatizo halikuwa huko.

SAM haisomi alama zako kama zilivyo. Kabla ya kutoa sauti inazipitisha kwenye kanuni za kubadilisha matamshi, na kanuni hizo ziliwekwa ili isikike kama Mmarekani. Mojawapo inasema hivi: T au D ikiwa katikati ya irabu mbili, na irabu inayofuata haina mkazo, igeuze kuwa DX, yaani ulimi ugonge mara moja tu na kupita. Mmarekani anapotamka neno lake la "mji" (city) au "bora zaidi" (better) hufanya hivyohivyo. Kwa masikio yetu pigo hilo moja la ulimi ni r.

Sasa fikiria maana yake katika Kiswahili. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi ya mwisho kamwe haina mkazo. Kila neno linaloishia kwa ta, te, ti, to, tu au da, de, di, do, du baada ya irabu limenaswa: tatu, sita, moto, leta, dada, baada. Na si mwisho wa neno tu. Kiambishi -ta- cha wakati ujao mara nyingi hukaa kwenye silabi isiyo na mkazo, hivyo "nitakuja" inatoka "nirakuja" na "tutaonana" inatoka "turaonana". Lugha nzima inapoteza wakati ujao!

Utajuaje? Washa -debug:

./sam -phonetic -debug -wav saa.wav "SAA4AA TAA4TUX"

Itachapisha jedwali la alama za mwisho, kila moja na urefu wake na mkazo wake. Tazama alama iliyo kati ya AA na UX. Uliandika T, jedwali linaonyesha DX. Ushahidi huo hapo. Huna haja ya kubishana na spika.

Tiba ni kuipa irabu inayofuata mkazo ambao hausikiki kama mkazo. Katika ngazi ya SAM, 1 ni mkazo wa hisia kali kabisa, 4 ni wa kawaida, na 6 haupandishi wala haushushi sauti. Kanuni ya DX hukagua tu kama irabu ina tarakimu yoyote. Basi andika TAA4TUX6, na T inabaki T. Watoto: WAATOH4TOH6. Nitakuja: NIYTAA6KUX4JAA. Tutaonana: TUXTAA6OHNAA4NAA.

Lakini usiitapakaze 6 kila mahali. Irabu yenye tarakimu, hata kama ni 6, SAM huipima kwa jedwali la urefu wa irabu zenye mkazo, kwa hiyo hurefuka kidogo. Ukiiweka kwenye kila silabi utapata sauti inayojikokota. Iweke baada ya t au d iliyo kati ya irabu tu, na ikiwa silabi hiyo tayari ina 4, kama kitabu (KIYTAA4BUX), iache. T ya mwanzo wa neno nayo haina shida, maana kabla yake kuna nafasi, na kanuni huangalia alama iliyo jirani kabisa. Ndiyo sababu T ya kwanza ya "tatu" ilisalimika na ya pili ikageuka.

Nimesikia watu wakishauri kuandika TT mbili. Sipendi. Inaleta kishindo katikati ya neno, na ukisikiliza saa nzima inachosha. Tumia 6.

Sasa upande wa pili wa sarafu ni r. R ikifuata irabu, SAM huigeuza RX, ile r ya Kimarekani inayovuta irabu nyuma yake. Kwa "habari" hilo ni baya. Lakini sasa tunayo DX, ambayo kwa sikio la Mswahili ni r safi kabisa, na SAM inakubali uiandike mwenyewe: /HAABAA4DXIY. Mdudu aliyeharibu "tatu" ndiye anayetengeneza "habari". Mwanzoni mwa neno tumia R ya kawaida, kwa kuwa DX peke yake pale ni dhaifu mno: ROH4BOH.

Kuna moja zaidi katika ukoo huu. TR hugeuzwa kuwa CHR, na DR kuwa JR. Treni inakuwa "chreni" na madrasa "majrasa". Kanuni hiyo inaitafuta R tu, kwa hiyo andika TDXEH4NIY na MAADDXAA4SAA. Zisikilize kwa makini. Makutano haya ndiyo yanayohitaji sikio zaidi kuliko kanuni.

L baada ya irabu nayo hubadilishwa, inakuwa nzito kidogo. Hilo mimi nimeliacha. "Mbili" inaeleweka vizuri.

Hatua ya 5: Saa kumi na mbili

Moja MOH4JAA, mbili MBIY4LIY, tatu TAA4TUX6, nne NNEH4, tano TAA4NOH, sita SIY4TAA6, saba SAA4BAA, nane NAA4NEH, tisa TIY4SAA, kumi KUX4MIY. Kumi na moja na kumi na mbili unaziunga kwa NAA.

Nusu NUX4SUX, robo ROH4BOH, kasorobo KAASOHDXOH4BOH. Alfajiri AALFAAJIY4DXIY, mchana MMCHAA4NAA, jioni JIYOH4NIY, usiku UXSIY4KUX.

Chipu inahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ongeza 6, gawa kwa 12, chukua baki. Baki ikiwa 0, sema kumi na mbili. Saa 9 ya chipu inakuwa 15, baki 3, saa tatu asubuhi. Kwenye kasorobo kumbuka kuitaja saa inayokuja.

Hatua ya 6: Sentensi nzima

"SAA4SAA NIY SAA4AA TAA4TUX6 NAA ROH4BOH, AASUXBUX4/HIY."

Mkato huleta pumziko, nukta hushusha sauti, alama ya kuuliza huipandisha. Hiyo ya kuuliza ina kazi kubwa kwetu, kwani "umekula" na "umekula?" hutofautishwa na sauti tu. Tungo moja isizidi herufi 254. Ikiwa ndefu bila vituo, SAM itajikatia pumzi yenyewe popote inapotaka, hata katikati ya wazo, kwa hiyo weka mikato yako mapema.

Hatua ya 7: Sauti ya nani

Chaguo ni nne: -speed, -pitch, -throat na -mouth. SAM mwenyewe ni 72, 64, 128, 128. Namba kubwa ya speed ni mwendo wa polepole, na namba kubwa ya pitch ni sauti nzito. Wengi huzigeuza kinyume. Mouth husogeza mwangwi wa kwanza wa sauti na throat wa pili. Kwa mzee anayesikiliza, ninapendelea speed 80 na pitch 64, na hizo nyingine usiziguse. Sauti nyembamba ya kuchekesha inapendeza dakika ya kwanza, kisha inaanza kuficha maneno.

Ukitaka kuisikia kwenye Commodore 64

Ndani ya VICE, programu inayoiga Commodore 64, kagua kwanza mfano wa chipu ya sauti, SID. SAM hutoa sauti kwa kuitikisa rejista ya ukubwa wa sauti, anwani 54296, ambayo ina biti 4 tu za kazi hiyo. Mbinu hiyo inategemea kasoro ya umeme ya chipu ya 6581. Chipu ya 8580 ya Commodore za baadaye ilirekebishwa, na SAM ndani yake husikika kwa mbali mno au isisikike kabisa. Chagua 6581, au uwashe digi boost, mpangilio wa VICE unaoipa nguvu sauti ya namna hiyo. Skrini ikizimika wakati SAM inaongea, usishtuke: chipu ya picha huiba muda wa prosesa, na SAM inauhitaji wote.

Hatua ya 8: Kuihamishia kwenye ESP8266

Tumia maktaba ya ESP8266SAM ya Earle Philhower pamoja na ESP8266Audio. Kabla ya Say (amri ya kutamka), ita SetPhonetic(true), la sivyo Reciter itarudi na kukuharibia kila kitu. Kwa amplifaya nachagua MAX98357A ya I2S, yaani inayopokea sauti kwa njia ya kidijitali. Kutoa sauti moja kwa moja kwenye pini kunawezekana, lakini mvumo wake humeza s na sh, na "saa" ina s kila mara itakapotajwa. Tungo za alama zilezile ulizozijaribu kwenye terminali zinaingia bila kubadilishwa hata herufi moja, kwa hiyo maliza kusikiliza namba zote kumi na mbili kwenye kompyuta kwanza, ndipo uguse waya.