Kurekodi filamu fupi: nyumba ya karani wa bandari, Mombasa 1986

Filamu ya familia ya kawaida chini ya chama kimoja haihitaji askari wengi. Kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU chama pekee, kiliingia kwenye katiba ya Kenya Juni 1982 kikafutwa Desemba 1991. Miaka yote hiyo karani alikwenda bandarini Kilindini, akalipa karo, na usiku akapunguza sauti ya redio. Hofu imekaa kwenye redio hiyo, basi anzieni hapo.

Baba anatafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwenye masafa mafupi. Mama anainuka bila neno, anavuta mkono wa dirisha la luva, vioo vinagongana kwa! Sauti hiyo irekodini peke yake mara tano au sita, maikrofoni ikiwa shubiri moja kutoka dirishani. Chukueni pia dakika mbili za mkoromo wa redio kati ya stesheni na stesheni. Taarifa ya habari iandikeni wenyewe, maana za zamani zina wenyewe. Mtu aisome, kisha ipigeni kwa spika ndogo ndani ya chumba kilekile na kuirekodi upya. Mkiibandika moja kwa moja kwenye kompyuta, itasikika safi mno, kama haimo nyumbani.

Nyumba za zamani za Buxton zimeshabomolewa. Tafuteni nyumba Tudor au Changamwe, yenye sakafu ya saruji nyekundu. Picha ya rais ilitundikwa maofisini na madukani. Mkiiweka sebuleni, mmeshasema jambo kuhusu baba huyu: ni mwaminifu, au anamwogopa jirani. Amueni mapema, kwani mwigizaji ataingia chumbani tofauti.

Nje rekodini kidogo tu. Tuktuk hazikuwepo, mstari wa manjano wa matatu ulikuja 2004, na bamba la gari halikuwa na herufi ya mwisho.

Kinachoharibu kazi hapa ni hewa. Kamera ikitoka chumba cha AC, lenzi hufunga ukungu papo hapo. Iacheni ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa, msiifute. Panka lizimwe wakati wa mazungumzo, liwashwe kati ya rekodi na rekodi, la sivyo jasho litavunja poda usoni. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shata ya kamera iwe sekunde 1/50, ama taa za tyubu zitapepesa. Na adhana: ikisikika kwenye rekodi moja na kukosekana kwenye nyingine, sauti itaruka pale vipande viwili vinapounganishwa. Jueni nyakati za msikiti wa karibu, msianze mazungumzo marefu dakika kumi kabla.

Kabla ya kuziondoa taa mkimaliza, wote wanyamaze dakika moja mrekodi ukimya wa chumba, dirisha likiwa wazi, kisha dakika nyingine likiwa limefungwa. Tofauti ya kimya hivyo viwili mtaihitaji pale mama anaporudi kuketi.